Mwenye Kalamu Akae na Fundi



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaopenda khati na nakshi siku hizi huanzia mahali pamoja: kwenye simu. Mtu hutafuta pambo, hulichapisha, hulifuatisha kwa penseli, kisha hulitia rangi. Kazi hutoka safi, lakini zikipangwa kumi ukutani zafanana kama sahani za duka moja. Upungufu si wa vipaji. Tumeacha kuwatazama mafundi wetu.

Chukueni ukili. Msukaji, na mara nyingi ni mama au bibi zetu, hana rula wala karatasi. Ana ukindu uliochemshwa kwa rangi, na hesabu iko kichwani. Kila jani hupita mshazari, juu ya haya na chini ya yale, na akikosea moja pambo huharibika mpaka alifumue. Ndiyo maana nakshi za mkeka huwa za pembe na ngazi-ngazi. Majani yenyewe ndiyo yanayoamua. Mchoraji anayelijua hilo hatalazimisha maua ya mviringo kila mahali.

Kofia ya kushona kwa mkono yafundisha jambo jingine, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Tazameni ile ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Rangi hakuna, na pambo liko. Limetokana na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kivuli kilichomo ndani yake. Mwenye kuandika khati akiishika mkononi akaigeuzageuza, ataelewa kwamba weupe unaobaki baina ya herufi nao ni kazi yake, haukujiacha wenyewe. Mwalimu aweza kulisema hilo mwaka mzima lisiingie.

Wako watakaosema kwamba fundi hufanya kwa mazoea tu, na sanaa ni elimu. Basi tuiangalie elimu yenyewe. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliipangia khati vipimo kwa nukta. Na nukta hiyo ni nini? Ni alama ya ncha ya kalamu ya tete iliyokatwa kwa kisu. Kalamu ikichongwa ovyo, hata alif haikai sawa. Vipimo vyote vile vyasimama juu ya kazi ya mkono.

Na kwetu pwani? Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ilinakiliwa misahafu iliyopambwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Mji huo huo ulisifika kwa mafundi wa ngozi na wa mbao. Mimi siamini kwamba mambo haya yalikutana kwa bahati. Mtu aliyekua akipita kila siku mbele ya mlango unaochongwa, mkono wake ulikwisha kushiba nakshi kabla hajachovya kalamu.

Sasa kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, na ya mkono huchukua wiki nyingi. Fundi asiyepata mnunuzi hamfundishi mwanawe. Kwa hiyo tukienda kwa fundi tusiende kuchuma mapambo tu kama embe za njiani. Anayeweza anunue, hata kikawa kipepeo kimoja; asiyeweza amsaidie kupasua ukindu.

Pendekezo langu kwa walimu ni kwamba katika maonyesho yajayo kila mwanafunzi aandike chini ya kazi yake ametazama ufundi gani, na kwa nani. Alhamisi wengi wetu hatuna darasa. Nendeni hiyo siku, ombeni ruhusa kabla ya kukaa, na mara ya kwanza penseli ibaki nyumbani. Tazameni mikono tu.