Nionyesheni Vyungu

Nimechoka kusikia kwamba ubaya wa vipindi vya matajiri ni umbea. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa umbea na mpenzi wa vitabu, na mpaka leo sijaona hasa ni wapi nchi hizo mbili zinapakana.

Kilichonichokoza ni hiki. Mwezi uliopita kikundi chetu cha wasomaji kilikutana kama kawaida: watu tisa, chupa mbili za chai, sahani ya kashata. Ilikuwa zamu yangu kupendekeza mada ya kikao kijacho. Nikasema, jamani, tumesoma riwaya mfululizo mwaka mzima, safari hii tutazame msimu wa kwanza wa Young, Famous & African halafu tuuchambue kama tunavyochambua riwaya. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "sisi hapa tunasoma fasihi. Umbea tutausikia saluni." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mkubwa akishasema utafanyaje? Lakini nilirudi nyumbani na jibu limenikaa kooni.

Shikamoo, Mwalimu. Umekosea, na umekosea mara mbili.

Kwa ambao hawajakiona: kipindi kilianza kuonyeshwa Netflix Machi 18, 2022. Kinafuata kundi la watu maarufu wa Afrika wanaokutana Johannesburg. Yumo Diamond Platnumz wetu. Yumo Zari Hassan wa Uganda, mama wa watoto wake wawili, ambaye alitangaza kuachana naye siku ya wapendanao ya mwaka 2018 kwa picha ya waridi jeusi kwenye Instagram. Yumo Khanyi Mbau wa Afrika Kusini, yumo Annie Idibia wa Nigeria na mumewe wa wakati huo, mwanamuziki 2Baba, na wengine. Wanavaa, wanakula, wanakunywa, wanapendana kidogo, wanagombana sana, halafu mmoja mmoja anakaa peke yake mbele ya kamera na kutueleza alichokuwa akiwaza wakati wa ugomvi. Basi. Ndicho kipindi chenyewe.

Kosa la kwanza la Mwalimu ni kudhani fasihi yetu ilikuwa mahali pengine wakati watu wanaongea habari za usiku, nguo na mapenzi ya mastaa. Ilikuwa hapohapo. Shaaban Robert, ambaye picha yake ingening'inia ukutani kwetu kama tungekuwa na ukuta wetu, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Huyo Siti alikuwa nani? Mwimbaji. Mwanamke aliyetoka Fumba, shamba, akaingia mjini Unguja akawa nyota, akaalikwa kwenye majumba ya wakubwa, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alikuwa maarufu na Mwafrika kabla mtu yeyote hajafikiria kuuza maneno hayo kama jina la kipindi. Mkubwa wa waandishi wetu hakuona aibu kukaa chini kuandika maisha yake.

Na Siti mwenyewe aliimba nini? Umbea, Mwalimu. Umbea wa mjini. Wimbo wake unaoitwa Kijiti unatokana na kisa cha kweli: mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam alikwenda Unguja, akatoka usiku kwenye starehe na kundi la watu, kukawa na pombe, akauawa. Kijiti akakimbilia bara. Adhabu ikawaangukia wanawake waliojitokeza kuwa mashahidi. Tazama vizuri orodha ya vitu vilivyomo: marafiki, usiku, ulevi, mwanamume mwenye maneno matamu. Ni vitu vilevile vya Johannesburg. Siti hakuona kwamba viko chini ya hadhi yake. Alivichukua akauliza nani amelipa.

Hata riwaya usidhani zilizaliwa na heshima. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilionekana chafu, ikazuiwa shuleni. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha shule, na leo anayeinua pua mbele ya runinga ananukuu Rosa Mistika kama vile alizaliwa akiikubali.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi, na hapa naanza kugombana na kipindi chenyewe. Mwalimu anasema kile ni umbea. Laiti kingekuwa! Umbea ni hisabati. Mmbea wa kweli, yule wa kwetu uswahilini, hakwambii tu kwamba fulani kagombana na fulani. Anakwambia fulani kapata wapi pesa ya ile gauni, anadaiwa na nani, nani alimpeleka kwa fundi na fundi hajalipwa mpaka leo, yule mtoto anafanana na nani, na harusi ile ilichangiwa na watu wangapi wakati bwana harusi alijua hawezi kuoa. Hakuna kitu kinachomponyoka. Sasa tazama vipindi saba vya msimu wa kwanza halafu uje uniambie nani alilipia ile meza. Hutajua. Pesa ipo kila mahali kama hewa, na kama hewa haina mahali inapotoka.

Nilikitazama na binamu yangu. Anapamba mabibi harusi Kinondoni, na kope za kubandika anazifahamu kama sisi tunavyofahamu irabu. Mimi nilikuwa nafuata ugomvi, yeye anasimamisha picha. "Rudisha," ananiambia. "Unaona hapo? Kope zile ni saa nzima. Na wigi lile limeshonwa na mtu, halikuota." Tukarudisha, tukasonga mbele, tukarudisha. Kufikia kipindi cha tatu akawa anahesabu kwa vidole: aliyebandika kope, aliyeshona gauni, aliyepiga pasi, aliyepanga maua, dereva, mpishi, anayefuta vioo vya ile nyumba maana vioo vile, alisema, haviwezi kukaa hivyo siku mbili kwa vumbi. Watu kadhaa wa lazima kwa kila mtu mmoja anayelia mbele ya kamera. Akauliza, "Hawa wote wako wapi?" Halafu akasema neno ambalo sijaweza kulisahau: "Yaani sisi tumefanya kazi mpaka tumefutika."

Hicho ndicho kinyongo changu. Wanatuambia ni habari za watu waliofanikiwa kazini, halafu kazi ndiyo kitu wasichotaka tukitazame kwa muda mrefu. Kazi inatajwa mezani. Inapita kama tangazo: upigaji wa picha kidogo, jukwaa kidogo, halafu haraka turudi kwenye chakula cha jioni ambako mtu kamkosea mwenzie. Annie ni mwigizaji wa Nollywood. Kuigiza kwa Nollywood ni kuamka alfajiri na kungoja jenereta, na mimi ningetoa vipindi vyote saba ili nimwone akingoja. Diamond alitoka Tandale. Kila mtu hapa anajua Tandale ni wapi na kutoka huko mpaka kumiliki lebo na kituo cha runinga kunamaanisha kukesha kiasi gani. Kipindi kinatupa Diamond aliyekwisha kuiva.

Rudi kwa Shaaban Robert. Siti aliuza vyungu. Mama yake alifinyanga, yeye akabeba kichwani kutoka Fumba hadi mjini, akinadi njiani, na sauti ile ya kunadi ndiyo iliyokuja kuwa sauti. Uzito wa vyungu shingoni unakuja kwanza, ndipo majumba yanakuja baadaye, na ukishaubeba uzito ule pamoja naye basi siku anapokaa kwenye zulia la wakubwa unajua anakaaje. Nionyesheni vyungu. Baada ya hapo nitatazama sherehe zenu zote mpaka asubuhi.

Jambo jingine linaniuma kama msomaji wa Kiswahili, nalo ni lugha. Mazungumzo yanakwenda kwa Kiingereza, na naelewa kwa nini: Mganda, Mnigeria, Mtanzania na Waafrika Kusini lazima wakutane mahali. Lakini nilisikia watu wangu wakimcheka Diamond kwa Kiingereza chake, wakitumiana vipande kwenye simu. Mimi sikucheka. Niliona mtu ambaye riziki yake yote ni namna ya kumwambia mwanamke neno kwa Kiswahili, tangu Kamwambie, amekaa mezani amenyang'anywa chombo chake cha kazi. Ni kama kumwalika fundi seremala umnyang'anye randa halafu useme hajui mbao. Kwa Kiingereza kile anaonekana mjanja wa kawaida tu, mwenye miwani. Wanawake wa Dar wanaojua nyimbo zake kwa moyo wasingemtambua.

Na ugomvi wenyewe, jamani! Umenivunjia heshima. Sikukuvunjia. Umenivunjia. Mtu anainuka, anachukua mkoba, anaondoka. Hayo ndiyo maneno ya watu wenye pesa zote hizo? Mtu wa pwani mwenye kinyongo na jirani hununua khanga yenye neno, akajifunga, akapita mlangoni kwake kwenda dukani kununua chumvi asiyoihitaji. Hajamtaja mtu. Miaka ya 1990 Dar es Salaam, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, watu walilipa kiingilio kusikia nani kamjibu nani, na jibu lilikuja na mizani, na vina, na violini nyuma yake. Huo ulikuwa uhasama wa mastaa mbele ya hadhira, kitu kilekile, ila uliofanyiwa kazi. (Na kama unataka kuona dunia ilivyo ndogo: binti wa Khadija Kopa ni Zuchu, msanii wa lebo ya huyohuyo Diamond. Mipasho ilikuwa nyumbani kwake, akaiacha akaenda Johannesburg na mkoba.)

Kwa haki lazima niseme mahali waliponishinda. Annie Idibia anapozungumza juu ya ndoa yake, mume ana watoto na wanawake wengine na yeye anatakiwa avumilie huku Nigeria nzima ikitazama, pale niliacha kutafuna. Binamu naye hakusimamisha picha. Hakukuwa na kope wala wigi, alikuwepo mwanamke anayeeleza kitu ambacho shangazi zangu wawili wamekiishi bila kamera. Januari 2025 2Baba alitangaza kwamba wametengana. Niliposoma habari ile nilirudi kukitazama kile kipande na kikanikata zaidi, maana sasa nilijua alichokuwa anajaribu kukishika.

Hapo ndipo sisi wa vitabu tunapaswa kunyamaza kidogo. Tajiri wa riwaya zetu nyingi ni nani? Tumbo, Benzi, nyumba ndogo, na mwishoni aibu. Hatujui anaota nini. Msichana anayependa starehe anaingia mjini ukurasa wa thelathini, na kufikia ukurasa wa mia ana mimba, ana ugonjwa au amekufa, na mwandishi anapumua kwa raha. Tunakasirikia kipindi kwa sababu kinawafuta wafanyakazi, na sisi je? Nilifungua hadithi fupi yangu mwenyewe ya miaka sita iliyopita, ya familia ya wenye nacho Mikocheni. Yumo mfanyakazi wa ndani. Anafungua geti mara nne. Hana jina. Nilimwita "yule dada" kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kikundi chetu kizima kilisoma, Mwalimu akiwemo, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo pendekezo langu nalirudisha mezani, Mwalimu, kwa heshima zote. Kikao kijacho tusome Wasifu wa Siti binti Saad, na usiku huohuo tutazame kipindi cha kwanza cha Young, Famous & African, kimoja tu. Binamu yangu amekubali kuja kutusimamishia picha. Ila Jumamosi hiyo ana mabibi harusi wawili, wa kwanza saa kumi alfajiri, kwa hiyo anaomba tusianze kabla ya saa mbili usiku, na mtu mwingine alete kashata.