Mbwa Aliyeng'ata Asiuawe, na Fidia Isipokewe Haraka

Mbwa wa jirani akivunja ua na kumng'ata mbwa wako, mambo mengi mitaani kwetu huishia pale pale langoni. Vijana wanammaliza mshambulizi kwa mawe, mwenyewe anaingiza mkono mfukoni na kutoa elfu mbili au tatu za daktari, mnapeana mikono, kila mtu anarudi kwake. Suluhu hiyo huonekana ya kiungwana. Kumbe ndiyo inayoweza kumuua mtu wa nyumba yako miezi miwili baadaye.

Tatizo ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye mate, huingilia kidonda, kisha husafiri polepole kwenye neva hadi ubongoni. Kwa mbwa safari hiyo mara nyingi huchukua kati ya wiki 3 na miezi 3. Yaani mnyama wako anaweza kushonwa, nyuzi zikatolewa, akarudi kucheza na watoto, pesa za fidia zikaliwa zikaisha, ndipo ugonjwa uanze kujitokeza. Na dalili zikishaonekana, kwa mbwa au kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia.

Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata asiguswe na mawe. Afungiwe mahali salama siku 10, daktari wa mifugo akimwangalia. Akizimaliza akiwa hai na mzima, mate yake siku ile hayakuwa na virusi. Mkimuua siku ya kwanza mmejinyima jibu hilo. Ikiwa ameshakufa, msimtupe wala kumzika kabla ya kumwita afisa wa mifugo, kwa sababu maabara hupima ubongo, na kichwa kilichopondwapondwa hakipimiki. Na akiwa ni mbwa koko aliyetokea kusikojulikana, taya limelegea, mate yanachuruzika, akang'ata bila hata kubweka na kwenda zake, mchukulieni kuwa ana kichaa. Chifu na afisa wa afya ya umma waambiwe leo leo, maana huko aendako anang'ata wengine.

Mbwa wako naye ana yake. Kama kadi yake ya chanjo haijapitwa na wakati, daktari atamchoma chanjo nyingine mara moja, kisha atakaa chini ya uangalizi siku 45. Kama hajawahi kuchanjwa na mshambulizi hajulikani aliko, habari ni chungu: atengwe miezi 4 hadi 6 mahali pasipofikiwa na mtoto wala mnyama mwingine, au alazwe usingizi wa mwisho. Wenye mbwa wengi hawapendi kusikia hilo, na daktari mwoga hulipitia juu juu. Muulize wazi.

Kidonda chenyewe hudanganya. Juu utaona vitundu vinne vya meno, vidogo, damu imeshakauka, ukadhani amenusurika. Lakini mbwa anapong'ata hutikisa kichwa, na chini ya ngozi nyama imeachana na kubaki mfuko mtupu uliojaa mate na manyoya. Ndani ya siku chache mfuko huo unajaa usaha. Ndiyo maana daktari mzuri huacha upenyo au huweka mpira wa kutolea maji, badala ya kushona kila kitu kikafungika. Ufizi ukipauka, pumzi zikiwa za haraka, au tumbo likiwa gumu, msisubiri kupambazuke. Panadol na ibuprofen zibaki kabatini: ibuprofen hujeruhi tumbo na figo za mbwa, na paka anaweza kuuawa na kidonge kimoja cha Panadol.

Mnapomsafisha, vaeni glavu. Manyoya yake yana mate ya yule mwingine, na mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake. Aliyewaamulia na akachubuka, hata kwa ukucha, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila pilipili, majivu wala mafuta ya taa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Azimalize zote.

Sasa fidia. Hapa Kenya sheria humhesabu mnyama kuwa mali, basi unalipwa gharama, si uchungu wa moyo. Mimi naiona sheria bahili, ila ndiyo tuliyo nayo. Piga ripoti polisi upewe nambari ya OB, piga picha za majeraha na za ua uliovunjwa, weka kila risiti, na umwombe daktari aandike barua ya kueleza alichokikuta. Anayejua kuwa mbwa huyo aliwahi kumng'ata mwingine ni shahidi wa thamani. Mpelekee jirani barua ya madai. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.

Mkielewana nyumbani, afadhali, lakini iandikwe. Usitie sahihi popote palipoandikwa kwamba huna madai zaidi kabla siku 10 hazijaisha na kabla daktari hajasema kidonda kimefunga, kwani upasuaji wa pili huja baada ya usaha. Katika maandishi hayo jirani akubali kumzuilia mbwa wake, kuonyesha kadi ya chanjo na kulipia matibabu yatakayofuata. Akianza kuzungumzia kumuuza mbwa au kumpeleka kwa ndugu yake mashambani, mpigie afisa wa mifugo kabla gari halijaondoka.