Puti haitibu kutu

Wiki hii sizungumzii mapenzi, wala nani kamchukua nani pale Soweto. Nazungumzia kutu. Usifunue ukurasa mwingine bwana, nisikilize kwanza, maana ukimaliza kusoma hapa unaweza kuokoa mshiko wako, na pengine hata miguu yako.

Ukikaa Mwanjelwa au Kabwe nusu saa tu utaona magari ya kila namna yanapita. Bajaji, Noah, Canter, malori ya Zambia, we acha tu. Halafu katikati yake inapita pikapu ya zamani, inakohoa, imejaa viazi mpaka juu. Mabishoo wanacheka. "Cheki mkweche huo!" Wanacheka, lakini hawajui mkweche huo umelisha watu wangapi.

Ninayoizungumzia hasa ni Peugeot 404, ambayo wazee wetu wanaiita Pijo, basi, yamekwisha. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, walewale waliochora Ferrari nyingi tu. Kwa hiyo wewe unayemcheka mzee wa Pijo, jua unamcheka binamu wa Ferrari! Na si sura peke yake. Mbio za Safari Rally za mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 zote zilichukuliwa na Pijo 404, na zile za 1966 na 1967 aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, mtu wa hapahapa kwetu, Dar es Salaam. Pikapu yake nayo ina gia kwenye usukani, kiti kimoja kirefu cha kukaa watatu, na roho ngumu ya kubeba lumbesa.

Sasa utauliza, kwa nini magari ya umri huo bado yapo barabarani? Jibu liko kwenye historia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei, ikaja vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, gari jipya likawa ndoto ya mchana. Mpaka mwaka 1984, serikali ilipolegeza kamba na kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, mtu mwenye gari alilitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mafundi bodi wetu wa zamani wamesomea kwenye shida hiyo. Spea hakuna? Basi unaifua mwenyewe kwa nyundo.

Shangazi yangu mmoja anayo Pijo kama hiyo, aliachiwa na marehemu mumewe. Inapanda Umalila kupitia Mbalizi na mifuko ya mbolea, inashuka na viazi. Ada za watoto wanne zimetoka humo. Lakini kebini yake ilikuwa hoi. Chini ya milango rangi imevimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki, na kila mvua ikinyesha abiria wa katikati analowa miguu akiwa ndani ya gari!

Kutu hiyo haikuja kwa uchawi. Chuma kikipata maji na hewa kinaanza kuliwa, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi inavimba kabla haijabanduka. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo tope lililonasa chini halikauki miezi. Mbolea nayo ina chumvi. Mfuko ukitoboka kidogo kwenye kebini, punje zikaingia chini ya kapeti, zikikutana na unyevu zinakula bati usiku na mchana bila kuchoka.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo, alikuwa na mpango wake. Yeye ni mtu wa mjini, viatu vyake vinang'aa hata siku ya tope. Eti tukwangue juujuu, tujaze puti, tupige rangi nyekundu ya kutisha, halafu tutafute mteja wa haraka kutoka Chunya au Kyela. Mama atapata hela, tutanunua Hilux. Hesabu nzuri, si ndiyo? Mimi mwenyewe nilimsikiliza nikaona jamaa ana kichwa.

Basi tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Kinyakyusa, gereji yake iko chini ya mparachichi. Mzee hakusema kitu. Alitoa kiti, akafunua kapeti, akachukua bisibisi na kuibonyeza sakafuni taratibu, kama daktari anayetafuta mshipa. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaitoa, tukachungulia, tukaona kuku anapita chini ya gari.

Akamgeukia binamu. "Mjukuu, hii nikiiziba kwa puti itauzika. Halafu huyo mwenzio atampakia mkewe na mtoto, kwenye mteremko atakanyaga breki, na mguu utapitiliza. Wewe utakuwa wapi siku hiyo?"

Kimya. Binamu akaanza kuangalia viatu vyake. Shangazi ndiye aliyejibu: "Kata, fundi. Mimi siwezi kumuuzia mtu shimo."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na hela. Bei ya kukata na kuunga ilikuwa mara nne ya bei ya puti, na shangazi ilibidi auze mtamba aliyekuwa anamtegemea. Kwa hiyo usidhani lilikuwa neno la bure.

Kazi ilichukua siku tisa na mimi nilikuwa nakwenda kila jioni kuangalia. Nimeona mambo ambayo lazima niwaambie.

Kwanza, mzee alitoa betri na tenki la mafuta, akaliweka mbali. Cheche na petroli hazina undugu. Pili, kabla hajakata kingo ya chini ya mlango, alishikiza nondo mbili kukinga uwazi wa mlango. Nilimuuliza za nini. Akasema kingo hiyo ndiyo inayoibeba kebini, ukiikata bila kuikinga, nyumba inalala kidogo, na mlango hautafunga tena mpaka kiama.

Tatu, alikata mpaka akakuta chuma kizima, kinachong'aa. Hakukata kutu peke yake, alikata na pembezoni yake. Kiraka kikichomelewa kwenye bati lililokwisha kuliwa ni sawa na kushona kiraka kipya kwenye kaptula iliyooza, uzi unashika lakini kitambaa kinaachia. Akapima kwa karatasi ya boksi kwanza, akakata bati kwa kipimo hicho, akalikunja na kulifua mpaka likakaa lenyewe bila kulazimishwa.

Bati lenyewe? Lilitoka kwenye pipa la lita 200, unene wake unakaribiana na wa sakafu ya gari, kama milimita moja hivi. Lakini pipa hilo aliliosha kwa maji ya moto na sabuni, na kulikata akatumia tindo na nyundo, hakutumia gesi. Vijana mnaojifunza kazi sikilizeni hapo: pipa tupu la mafuta lina mvuke ndani, ukilipiga moto ni bomu. Na bati la kuezekea nyumba mliache paani. Ni jembamba mno, na ile zinki yake ikiungua inatoa moshi unaompa fundi homa na kutetemeka usiku kama ana malaria.

Nne, kuchomelea. Moto wa gesi unapita nyuzi 3,000, na chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, kwa hiyo bati jembamba ukilichoma mfululizo linajikunja kama chapati. Mzee alikuwa anagusa nukta moja hapa, anaruka upande wa pili, anagusa nyingine, anaweka kitambaa kibichi, anasubiri. Kusubiri kulikuwa kwingi kuliko kuchoma. Binamu alikuwa anapiga miayo, lakini siku ya sita nilimkuta kavua viatu vyake vya kung'aa, kashika nyundo!

Mwisho, akazibua matundu madogo yaliyo chini ya milango. Wengi wetu tunadhani ni ubovu, tunayaziba. Kumbe maji ya mvua huteremka pembeni ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na hayo matundu ndiyo njia yao ya kutokea. Ukiyaziba umechimba kisima ndani ya mlango. Ndani akapaka rangi ya kuzuia kutu, nje akapaka puti. Ndiyo, puti ileile! Ila nyembamba kama siagi ya mtu bahili, ya kulainisha tu. Puti si adui, ubaya unakuja inapofanywa chuma.

Sasa wewe unayetaka kununua mkweche wako wa kwanza, nakupa siri ya bure. Beba sumaku ndogo, ifunge na kitambaa isikwaruze rangi. Ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Ikishika vizuri, kuna chuma. Ikidondoka, hapo kuna puti nene, uliza maswali. Funua kapeti, bonyeza sakafu, chungulia chini. Muuzaji akianza longolongo, aga. Ila usiende kuipima Land Rover ya zamani halafu ukamwita mzee wa watu tapeli, kama alivyofanya jamaa mmoja wa kijiweni kwetu. Land Rover tangu mwaka 1948 bodi yake sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Sumaku haishiki aluminiamu hata uisomee dua.

Na nyie vijana mnaozunguka mjini na bahasha za vyeti, mimi nikiwa mmoja wenu, fikirieni hili. Mafundi wa kufua bati wanazeeka, na wanaojua kujaza puti ni wengi mno. Binamu yangu sasa anashinda chini ya ule mparachichi. Hajalipwa mshahara mkubwa, lakini juzi mteja alipomwomba afunike shimo kwa puti, nilimsikia kwa masikio yangu anasema, "Tunakata kwanza, bosi." Mzee akatabasamu peke yake na kusema, "Ndaga fijo," akaendelea kupiga nyundo.

Pijo ya shangazi ilipanda Umalila Jumatatu, mvua inanyesha. Abiria wa katikati kashuka na soksi kavu.

Mimi nakomea hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.