Hajaiva Kusaini, Ameiva Kukatwa

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinionyesha karatasi yake ya mshahara, tukiwa barazani kwa mama yake, Kimara. Mshahara wa msingi 600,000. NSSF 60,000. Kodi 24,000. Bodi ya Mikopo 90,000. Niliisoma mara mbili. Serikali inapomtoza kodi kijana huyu inachukua 24,000 kwa sababu inakiri kwamba kipato chake ni kidogo. Inapomdai mkopo inasahau ungamo hilo na kuchukua karibu mara nne yake. Anabaki na 426,000. Humo atoe kodi ya chumba, daladala mbili kwenda saiti na mbili kurudi, chakula, na cha kumwachia mama.

Huyu ni mhandisi wa ujenzi. Wenzake wa fani nyingi walimaliza chuo kwa miaka 3, yeye akakaa 4, na mwaka ule wa nyongeza ulikuja na ada yake na bumu lake, vyote vikaandikwa kwenye deni. Bodi imekuwa ikiutaja uhandisi miongoni mwa fani za kipaumbele katika kutoa mikopo, eti taifa lina njaa ya wahandisi. Akaitikia wito. Alipohitimu, akazunguka na bahasha ya vyeti hadi ile miezi 24 ya kusubiri kabla ya marejesho ikaisha, na shilingi ya kwanza ya mshahara hajaigusa.

Na hata sasa, kisheria, hajakamilika. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamtaka afanye kazi miaka 3 chini ya usimamizi, aandike ripoti, ahojiwe, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Sitaki kulala chini ya slabu iliyopigiwa hesabu na mtu ambaye hajapikwa. Lakini tazama anavyovutwa huku na huku. Bodi moja inamwambia hajaiva, asisaini mchoro, alipwe kama mwanafunzi. Bodi ya pili inamwambia ameiva, alipe kama bosi. Miaka ile ile ambayo mfuko wake umekonda kuliko wakati wowote, ndiyo tuliyoichagua kumkamua.

Makato haya ya mkopo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 Bunge likabadilisha sheria yakawa 15, na wale waliosaini mikataba wakijua 8 wakakatwa 15 pamoja na wengine. Ukubwa wa asilimia unaniuma, ila kinachonichoma zaidi ni kwamba haina sakafu. Sheria ya kodi inasema shilingi 270,000 za kwanza za mwezi haziguswi, kwa kuwa mtu lazima ale kwanza. Mkopo unaanza kukata kwenye shilingi ya kwanza. Huko Uingereza, ambako mishahara ni minono kuliko yetu, kijana aliyeanza chuo mwaka 2023 hakatwi kitu mpaka avuke pauni 25,000 kwa mwaka, na akivuka anakatwa asilimia 9 ya kilichozidi tu. Sisi maskini tumeona haya kumwachia mtu hela ya unga?

Najua nitakachojibiwa: fedha hizi ni za mzunguko, mdogo wake yuko kidato cha sita anasubiri zamu yake. Kweli kabisa. Deni lilipwe, lote, mpaka senti ya mwisho. Ninachotaka ni zile 270,000 zisiguswe na Bodi kama zisivyoguswa na kodi. Mpwa wangu leo angekatwa 49,500. Siku mshahara wake ukifika 1,500,000, asilimia ile ile 15 itatoa 184,500 kila mwezi, na hapo atalipa bila kukopa nauli. Atachukua muda mrefu zaidi, ndiyo. Lakini mfumo wa sasa unamkamata mwenye karatasi ya mshahara pekee, kwa kuwa ndiye rahisi kumkamata, na unawafundisha wengine kuomba walipwe mkononi, bila mkataba, ili jina lisionekane. Hao hata huo mzunguko hawauchangii.

Na suala hili haliishii nyumbani kwa dada yangu. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa. Sisemi deni la mtu yeyote liliangusha jengo lile. Nauliza habari ya saiti ya kesho: mwenye jengo akitaka nondo zipunguzwe, nani atamwambia hapana? Ni kijana huyu huyu, mwenye 426,000, anayejua akifukuzwa leo hana akiba ya hata mwezi mmoja. Tunamtaka awe jasiri kwa ajili ya maisha yetu huku tumemfunga kamba shingoni.

Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuifuta ile asilimia 6 iliyokuwa ikinenepesha deni kila mwaka, na dunia haikupinduka. Waheshimiwa wabunge, mlango wa 2016 uko pale pale. Ingieni na marekebisho ya mstari mmoja: makato ya mkopo yaanze pale kodi inapoanzia. Karatasi ya mpwa wangu ninayo mezani, na yeyote kati yenu akitaka kuiona, nitamletea Dodoma.