Kwa wakaguzi wa kliniki za meno: anzeni na sinki la nyuma

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya (KMPDC), Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari wa meno. Nina kliniki ya viti viwili, orofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa hapa Mombasa. Wenzangu wenye kliniki ndogo kama yangu wakikutana hulalamika kwamba tunakaguliwa kupita kiasi: leseni ya daktari, leseni ya kituo, kibali cha kaunti, cheti cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa ajili ya mashine ya eksirei, mkataba wa kuzoa taka za sindano. Malalamiko mengine ni ya haki. Ila mimi nawaandikia kuomba kinyume chake. Nikagueni zaidi, lakini si pale ambapo macho hukimbilia.

Mgonjwa akiingia kwangu huona kiti, taa na vyeti vilivyotiwa fremu. Hapo hapana hatari kubwa. Hatari iko nyuma ya pazia, kwenye chumba ambacho watu wawili hawapishani, anaposimama msaidizi wangu akisugua koleo na vioo vya kinywani, akivifunga kwenye mifuko na kuvipanga ndani ya otoklevu. Mkaguzi wa hoteli haanzi na kitambaa cha meza, anaingia jikoni.

Otoklevu huua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo. Kwa nyuzi 121 inahitaji dakika 15, kwa nyuzi 134 dakika 3 zinatosha, na muda huo huhesabiwa tangu joto lilipofika, si tangu swichi ilipobonyezwa. Stima ikikatika katikati, kazi yote inaanza upya. Hapa kwetu stima hukatika. Sasa fikirieni Jumamosi saa tano, benchi limejaa, mtoto analia kwa jino, stima imerudi, na ule utepe wa mistari kwenye mfuko umeshageuka mweusi. Kwa macho, vifaa viko tayari. Lakini utepe unasema tu kwamba mfuko umeonja joto. Hausemi joto lilikaa kwa muda gani. Anayejua kama mashine ilirudiwa ni mtu mmoja tu, na mara nyingi mtu huyo amefundishwa kazi na daktari mwenyewe, hana cheti ukutani wala nambari ya usajili.

Kuna pia suala la maji. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na otoklevu inataka maji yaliyokenekwa, ya kununua kwa mtungi. Mwisho wa mwezi, mtungi umeisha na kodi ya nyumba inadaiwa, ni rahisi mtu kumimina ya bomba. Mashine haitakataa siku hiyo. Chumvi itajijenga polepole kwenye vali na mabomba yake, mpaka ifike siku mashine haifanyi kazi yake sawasawa na hakuna aliyegundua.

Halafu drili. Inapozimwa mdomoni, hunyonya mate na damu kidogo ndani yake. Kuipangusa kwa spiriti kwa nje ni kujidanganya. Baada ya kila mgonjwa inapaswa kuingia kwenye otoklevu. Basi mkaguzi na aombe vitu viwili tu: daftari la wagonjwa wa jana, na drili zote zilizomo kliniki ziwekwe mezani. Ikiwa waliochimbwa meno jana ni ishirini, drili ni tatu, na mzunguko mmoja pamoja na kukausha unakaribia saa nzima, hesabu itajisema yenyewe. Haitaki faili wala mashahidi. Sijaona swali jepesi kuliko hilo, wala lenye kuogopwa zaidi.

Sidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Orodha ya pamoja ya ukaguzi iliyotangazwa mwaka 2016 ilituondolea balaa la kila baraza kuja na karatasi yake. Ilipojaribiwa Kakamega, Kilifi na Meru, katika vituo zaidi ya 1,300 vya serikali na vya binafsi, vile vilivyokaguliwa vilipanda viwango vya usalama. Ukaguzi unafaa, hilo si la kubishaniwa tena. Ninachosema ni kwamba mkaguzi huiona kliniki siku moja, na siku hiyo kila kitu kinang'aa.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kwenye kliniki moja, jina lake halina haja. Habari za ukaguzi zilikuwa zikitufikia mapema, sijui kwa njia gani. Boksi jipya la glavu lilitolewa kabatini, daftari la otoklevu likajazwa kwa kalamu moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na msaidizi, mama mtu mzima aliyetushinda sote kwa uzoefu, akaambiwa: "Mama, ukiulizwa, sema kila mgonjwa." Hakuulizwa. Wageni walizungumza na mwenye kliniki, wakanywa soda, wakaaga.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Kule Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 2014 watu wapatao 22,000 waliitwa wakapimwe damu kwa sababu ya daktari mmoja wa meno. Kilichomfichua ni video iliyorekodiwa kwa siri ndani ya kliniki yake. Mwaka mmoja kabla, Tulsa huko Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 walipewa habari kama hiyo baada ya mgonjwa mmoja kugunduliwa na homa ya ini aina ya C. Ndipo wakaguzi walipoingia na kukuta vifaa vyenye kutu. Nchi zote mbili zina sheria ndefu na fomu za kutosha.

Mnapozifunga kliniki za madaktari bandia, kamera huja na sisi hupiga makofi, na ni sawa. Lakini kliniki yenye leseni, marumaru na kiyoyozi inaweza kumtia mtu homa ya ini vilevile, tena kwa bei ya juu.

Naomba basi mkaguzi azungumze na msaidizi peke yake, daktari akiwa nje. Amwambie apakie otoklevu mbele yake, na amuulize jana stima ilipokatika alifanya nini. Hiyo mifuko iliyofungwa vizuri isimridhishe. Aulizie kipimo cha spora, kile cha vijidudu sugu vinavyotiwa ndani ya mashine ili ionekane kama vimekufa kweli. Najua ni gharama kwa kliniki ndogo. Maabara za hospitali za kaunti zingeweza kutupimia kwa ada nafuu, na sisi tungelipa kuliko kujifanya tumepima. Na pale nyuma, juu ya sinki, pabandikwe nambari ya simu ya Baraza kwa Kiswahili, pamoja na ahadi kwamba msaidizi atakayepiga hatatajwa wala kupoteza kazi. Bila ahadi hiyo nambari ni pambo. Mtu mwenye watoto na mshahara mdogo hamshtaki anayemlipa.

Kwangu karibuni siku yoyote ya kazi, bila kupiga simu kwanza. Msaidizi wangu hufungua saa mbili asubuhi, mimi huwa sijafika. Anzeni na yeye.

Wenu,
Daktari wa meno, Mombasa