Kabla ya Kwenda Wasini, Uliza Bahari

Kila mwisho wa mwezi magrupu yetu ya WhatsApp, kutoka Ng'ombeni hadi Tiwi, huwa yanawaka moto. "Wasini lini?" Mmoja anatupia picha ya pomboo, mwingine anaandika "mimi niko ndani", wa tatu anauliza spika atabeba nani. Tarehe inawekwa: Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Hakuna anayeuliza bahari iko vipi.

Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Julai moja tulijipanga watu tisa, tukamtumia pesa jamaa tuliyemjua mtandaoni tu. Wenzetu wa Mombasa walivuka feri ya Likoni alfajiri, wakatupitia sisi Waa, tukateremka hadi Shimoni tukiimba. Nahodha akaangalia nje, akatikisa kichwa. Upepo wa kusi ulikuwa umechacha. Kuvuka hapo hadi kisiwani, sawa. Kutoka nje hadi Kisite kuangalia matumbawe, hapana. Wawili wetu wakaanza kumbishia mzee wa watu: "Si tumelipa?" Halafu nikahesabu jaketi za kujiokoa. Tano. Sisi tisa, na nusu yetu hatujui kuogelea. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hata mimi, moyoni, nilitamani akubali.

Mzee alikataa, na ndio maana leo naandika.

Jameni, sisi ni watoto wa Pwani lakini tunapanga safari ya bahari kama tunapanga kwenda Ukunda na matatu. Bahari haijui mshahara umeingia. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, huko nje huchafuka. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, maji hutulia na kuwa meupe. Halafu kuna kupwa na kujaa: fungu la mchanga la Kisite huonekana maji yakipwa. Kwa hiyo mpigie nahodha kwanza, ndipo uweke tarehe. Muulize jaketi ziko ngapi. Zikipungua hata moja, msipande.

Jambo la pili ni pesa. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti imekuwepo tangu miaka ya sabini, na ndani ya Kisite hakuna ruhusa ya kuvua. Wavuvi wa Wasini na Mkwiro waliambiwa waachie maji waliyokuwa wakivua wazee wao, ili samaki na matumbawe wapone. Sasa sisi tukimlipa dalali wa mtandaoni, tukabeba chakula chetu kutoka nyumbani, kisiwa kinabaki na nini? Takataka zetu. Lipa nahodha wa hapo. Kula samaki hapo. Lipa kiingilio cha kile kivuko cha mbao kwenye bustani ya matumbawe, kinachosimamiwa na akina mama wa kisiwani. Ada ya hifadhi lipa mwenyewe kwa simu, na beba kitambulisho, maana raia halipi bei ya mgeni.

Maji ya kunywa beba kwenye chupa yako ya kudumu. Kisiwani hakuna mto, na maji ya mvua watu huyakinga kwa shida. Isitoshe, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi zetu tangu Juni 2020. Na ukiingia majini, usikanyage matumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari liliua mengi hapa kwetu. Yaliyopona hayahitaji miguu yetu.

Najua mtasema nawaharibia raha. Lakini sisi tisa tulirudi tena Februari, maji yakiwa kama kioo, jaketi tisa, nahodha yule yule. Alitukumbuka. Akacheka, akauliza: "Leo hamna ubishi?"

Hatukuwa nao.