Printa Haijafa, Imeamriwa Kufa

Jamani, leo nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Wiki iliyopita mzee mmoja mpiga picha kutoka Njoro alinijia na printa yake ya picha akiwa ameifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa. Ni ile aina ya wino wa rangi 6, yenye tanki kando. Ina miaka 7, na imemtolea picha za mahafali ya Egerton, za harusi, na pasipoti saizi zisizo na hesabu. Asubuhi hiyo iliwasha taa nyekundu, ikamwandikia kwenye kompyuta kwamba sehemu zake za ndani zimefika mwisho wa maisha, ikagoma. Jana yake tu ilikuwa imetoa picha safi kabisa! Dukani mjini wakamwambia haina dawa, anunue nyingine, shilingi 46,000.

"Kijana, wewe ni mtu wa kompyuta," akaniambia. "Niambie ukweli. Nitengeneze hii ama nikakope Sacco?"

Nikamwambia, "Mzee, usikope bado."

Sasa nieleze, maana hapa ndipo watu huibiwa. Printa ya wino hujisafisha kichwa. Kila inapojisafisha huvuta wino kupitia vile vitundu vidogo na kuutupa kwenye sponji nene iliyo chini tumboni mwake. Picha zisizo na ukingo mweupe nazo huijaza, kwa sababu wino hupitiliza kingo za karatasi. Sponji ikijaa kabisa wino utamwagika mezani. Hilo ni kweli, sitawaficha.

Lakini printa hujuaje kwamba sponji imejaa? Haijui! Katika mashine nyingi za aina hii hakuna kipimo kinachogusa sponji. Kuna namba tu, ndani ya chipu ya memori. Kila usafishaji, programu inaongeza kiasi inachokisia, na namba ikifika kikomo alichokiweka mwandishi wa programu, mashine inajifunga. Hata ukiweka sponji mpya, kavu kama mkate wa jana, namba ni ile ile.

Tukaifungua. Tukatoa sponji, tukaiosha mpaka maji yakatoka meupe, tukaianika juani siku nzima. Namba tulirudishiwa sifuri na fundi mmoja wa Mburu Gichua Road kwa shilingi 1,000. (Msipakue ovyo programu za kufanya kazi hiyo. Nyingi zimebeba virusi. Fundi mwenyewe anayo laptopu kuukuu ambayo haiunganishwi na intaneti hata kidogo, mtu mwerevu sana.) Tukatoa karatasi ya majaribio: mistari yote ya rangi 6 imekamilika, hakuna hata mmoja uliokatika. Shilingi 1,000 dhidi ya 46,000!

Sisemi kila printa itengenezwe. Kichwa kikifa, fanya hesabu. Ukisafisha mara 3, ukaiacha ilale usiku mzima, na mistari bado inakatika pale pale, basi huenda vitundu vimeziba kabisa au umeme wa kichwa umeungua, na kichwa kipya kinaweza kula nusu ya bei ya mashine mpya. Hapo nunua, sina ubishi. Na kwa vumbi letu (wenyewe wanasema jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la vumbi) ifunike ikiwa haifanyi kazi, na utoe picha moja ya rangi kila wiki. Wino ukikauka utasafisha tena na tena, na kila usafishaji unaijaza sponji.

Kuna watakaosema mtengenezaji anakulinda usichafue meza. Sawa. Basi anionye, aniuzie sponji, na anipe njia ya kurudisha namba sifuri. Aina kadhaa mpya zina kisanduku cha sponji ambacho mwenyewe unakichomoa na kukibadilisha. Kwa hiyo inawezekana, na siku zote iliwezekana.

Mnajua hasira ya programu huria ilianzia wapi? Kwenye printa! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alikuwa MIT, Marekani. Programu ya printa yao ya zamani alikuwa ameirekebisha ili karatasi ikikwama iwaarifu watu. Ikaja mpya, ya Xerox, bila msimbo wake. Akamfuata mtu mmoja Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu yule alikuwa ameahidi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU.

Ufaransa, tangu 2015, kufupisha maisha ya bidhaa makusudi ni kosa la jinai. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022, inayompa mzalishaji jukumu juu ya bidhaa yake hata ikishageuka taka. Vizuri, lakini mimi nataka swali liulizwe mapema zaidi, kabla mashine haijafika kwenye jaa la Gioto: nani aliamua kwamba hii ni taka?

Na jibu linaniuma, kwa sababu ni mtu kama mimi. Namba ile haikujiandika. Kuna mwandishi wa programu aliketi, akaandika kikomo, akaenda kunywa chai.

Mimi nimefanya hivyo. Mwaka 2011 niliandika programu ya mauzo kwa duka la pembejeo huko Molo, nikaweka kufuli: kila mwisho wa Machi inajifunga mpaka mwenye duka anipigie nimpe namba ya siri, kwa shilingi 5,000. Nilijiambia ni biashara. Mwaka mmoja nilikuwa safarini, simu haipatikani. Siku 3 aliandika risiti kwa mkono huku wakulima wamepanga foleni ya mbegu na mbolea, mvua imeshaanza. Hakunitukana. Alilipa tu, na ameendelea kulipa kila mwaka.

Mzee amerudi Njoro na printa yake. Mimi nimempigia yule wa Molo, nikamwambia Jumamosi naja na flashi kuondoa kufuli. Akauliza hiyo kazi ni pesa ngapi.